Mama ananiachia duka la shela: nianzie wapi?

*Swali, kwa kifupi:* "Shikamoo mama. Nina miaka 31, niko Mwanza. Mama yangu alifungua duka la kukodisha mashela na suti mwaka 2004. Sasa magoti hayamruhusu kusimama kutwa na anataka nishike mimi. Tuko wanne. Dada yetu mkubwa huchukua nguo akawapa rafiki zake bila kulipa, kaka anasema tuache kukodisha tuuze tu, na wateja wakinikuta wanauliza 'mama yuko wapi?' Duka halifi, ila hela siioni. Nianzie wapi? Na lile shela la kwanza la mama limegeuka njano, nifanye nini nalo?"

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole na magoti yake. Kazi hii ni ya kupiga magoti kwelikweli, maana pindo la shela halipimwi ukiwa umesimama.

Niko kwenye biashara hii tangu 1998, Dar es Salaam, pamoja na dada zangu wawili. Tulianza na mashela matatu na suti sita kwenye fremu moja ya Magomeni, choo cha kuchangia na jirani mwenye mashine ya kusaga. Unga ulikuwa unaruka mpaka kwetu. Barua yako nimeisoma mara mbili: umemtaja mama, dada, kaka, wateja na shela la njano. Daftari hukulitaja, na mimi ndiko ninakoanzia. Huenda mnalo, lakini naweza kubahatisha kwamba ni la kuandika waliolipa na wanaodaiwa, basi.

Angalia. Duka la nguo la kawaida linauza nguo, ninyi mnauza Jumamosi. Shela moja haliendi harusi mbili siku moja. Likitoka Alhamisi linarudi Jumatatu, mteja akiwa mkorofi Jumatano, halafu lipite kwa dobi na kwa fundi. Kwa mwaka kila shela lina Jumamosi 52, na hizo zote hutazipata. Kwaresima Wakristo wengi hawafanyi harusi za shangwe, Ramadhani Waislamu wamefunga. Zamani miezi hiyo ilikuwa inapishana, mmoja akifunga mwenzie anaoa, duka linapumua. Mwaka 2025 zikaanza wiki moja, na 2026 vilevile. Kama Machi zile mlidhani mmelogwa, ilikuwa ni kalenda tu. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo haya unaweza kuyapanga mapema: mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwisho wa Desemba. Weka alama. Usije ukaagiza mzigo mkubwa wa Desemba ile kwa mahesabu ya Desemba za nyuma.

Sasa tuhesabu shela moja. Tuseme limekufikia dukani kwa 800,000, usafiri na ushuru humo humo. Unalikodisha 250,000. Kila likitoka, dobi na fundi na shanga za kurudishia zinakula kama 40,000. Inabaki 210,000. Likitoka mara nne limerudisha hela yake. Kuanzia mara ya tano ndipo linaanza kukulipia pango la fremu, umeme na mshahara wa msichana wa dukani. Kwa hiyo kuna jambo moja la kuliuliza kila shela lililotundikwa hapo: umetoka mara ngapi? Kama huwezi kujibu bila kumpigia mama simu, ndiyo maana hela huioni. Mashela yako mengine yanafanya kazi kama punda na mengine yamekaa kama wageni.

Sisi kila shela lina ukurasa wake na jina lake. Namba tulijaribu, zikachanganywa. Jina halichanganywi. Ukurasa wa Tausi, mojawapo ya yale ya zamani, unasomeka hivi: limetoka na nani, tarehe ipi, limerudi lini, kalipa ngapi, dhamana ngapi, limerudi na nini. "Pindo limechanika kushoto, kisigino." "Shanga 11 bega la kulia." "Poda shingoni, imetoka." "Doa la soda, halikuonekana mpaka pasi ilipopita." Huo mstari wa mwisho nitaurudia baadaye. Tausi lilitoka mara 31 kabla hatujalistaafisha. Ukurasa wa jirani yake, Almasi, lililotugharimu mara mbili ya Tausi, una mistari mitatu. Nililipenda mimi, wateja hawakulipenda. Bila daftari ningeapa mpaka leo kwamba Almasi lilikuwa shela zuri.

Hapo ndipo anapoingia dada yako. Usimkasirikie kwanza, nisikilize. Agosti 2009, Ijumaa jioni, bi harusi alikuja na shangazi zake wawili kuchukua shela alilokuwa ameshalilipia miezi miwili nyuma. Nikaenda nyuma, hanga tupu. Mdogo wangu alikuwa amempa binti wa mjomba wetu siku mbili nyuma, kwa moyo mweupe kabisa, akijua kwamba harusi ya Morogoro ni Jumamosi na akisahau kwamba Jumamosi ni moja kwa wote. Hakuandika, maana kwa akili yake ndugu haandikwi. Tulimwita fundi kutoka Manzese saa mbili usiku. Tukachukua shela jingine, kubwa kwa saizi mbili, tukang'oa zipu, tukatoboa matundu mgongoni na kupitisha kamba ya kukaza, tukahamisha mikono ya lesi kutoka shela la tatu. Tulimaliza alfajiri, adhana ya kwanza inalia. Bi harusi alivaa, ila hakutabasamu. Tulimrudishia hela yote, na mashangazi wakafanya kazi yao mtaani. Mwaka mzima hatukupata mteja kutoka ukoo ule, na ukoo ule ni mkubwa.

Tangu siku ile, ndugu anaandikwa wa kwanza. Kila Januari tunatenga fungu la ndugu: mara sita kwa mwaka, nguo inaweza kutoka bila kodi. Mara sita tu, kwa sisi wote watatu. Anayetaka kumsaidia rafiki anatumia nafasi yake, inaandikwa kwa jina lake, tarehe inazibwa kama ya mteja yeyote, na hela ya dobi na fundi inalipwa taslimu, hata awe mama mzazi. Zikiisha, zimeisha. Utashangaa dada yako atakavyokuwa mchoyo wa nafasi zake mwenyewe. Mwezi wa kwanza atanuna. Mwache anune.

Na usione haya kumtoza mtu wa karibu. Kuna kampuni ya Uingereza, Moss Bros, iliyokuwa ya familia, iliyoanzishwa na Moses Moss jijini London mwaka 1851 kwa kuuza mitumba. Kukodisha suti walianza 1897, na sababu yake ni rafiki wa mmoja wa watoto wa Moss, Charles Pond, aliyekuwa akiazima suti kila akialikwa kutumbuiza kwenye sherehe za watu. Akaazima, akaazima tena, mwisho wakamwambia lipia. Jina lao likaja kujulikana nchi nzima kwa suti za kukodi.

Kaka yako sasa. Ana hoja nusu. Kuuza kunaleta hela kubwa siku moja, halafu unabaki na hanga na safari ya kutafuta mzigo mwingine. Mimi ningeliangalia shela lenyewe. Lile lililotanuka kama mwamvuli, mgongo wa kamba, kifua chenye mifupa imara (vile vijiti vya ndani vinavyokishikilia), linamkaa msichana wa saizi 10 na wa saizi 14 kwa kukaza na kulegeza kamba tu. Hilo kodisha mpaka lizeeke. Lile la mkato wa samaki, limebana mpaka magotini, neti nyembamba ya rangi ya mwili imejaa shanga, litamkaa mtu mmoja kati ya kumi, na kila likivaliwa linachanika. Hilo liuze siku ya kwanza, kwa bei nzuri, kwa mwenye mwili wake. Na mashela ya kukodisha yaliyochoka usiyaache yakuzibie fremu: maduka ya miji midogo yananunua, na sketi za satini iliyobaki safi fundi anatoa humo gauni za komunio na za watoto wa maua. Gauni hizo ndizo hutulisha harusi zikiwa zimepoa.

Kuhusu mzigo, nitasema machache. Wengi wanakimbilia Guangzhou kwa sababu ndiko Waswahili wenzetu wako na maajenti wako. Lakini Guangzhou ni soko. Mashela mengi ya China yanashonwa Suzhou, na gauni za jioni na za sendofu nyingi zinatoka Chaozhou. Ukiagiza kwa simu, mwulize muuzaji kiasi gani cha kitambaa kimeachwa ndani ya mshono, na mdai akupigie picha ya ndani, siyo ya nje. Mashela mengi ya bei rahisi yameachiwa sentimita moja au pungufu, huwezi kumpanulia mtu. Na uliza kama shanga zimeshonwa au zimegandishwa kwa gundi. Za gundi, dawa ya dobi inaiyeyusha, shela linarudi limenyonyoka kama kuku wa sikukuu.

Suti nazo zina mtego wake. Suti ya bei ya chini, kile kitambaa cha ndani kifuani kimegandishwa kwa gundi. Akiifua dobi mara kadhaa gundi inaachia na kifua kinatoa malengelenge, na hakuna pasi itakayoyarudisha. Nunua chache zilizoshonwa vizuri ndani, nyeusi na bluu ya giza, kuliko nyingi za rangi za msimu. Bega likiwa kubwa mwambie bwana harusi ukweli kwamba halipunguziki kwa bei ya kawaida. Kiuno, mikono na urefu wa suruali ndivyo fundi anaviweza kwa siku moja. Na mpime akiwa na viatu vyake vya harusi. Bi harusi pia. Nimewahi kuona pindo lililopimwa kwa ndala.

Malipo. Kwetu huku anayevaa mara nyingi siye anayelipa. Shela linachaguliwa na binti na mama yake, hela inatoka kwa bwana harusi au kwa kamati, na kamati inakusanya michango mpaka wiki ya mwisho. Ukingoja kamati, utangojea ukumbini. Kwetu nusu inalipwa ndipo tarehe inazibwa kwenye daftari, iliyobaki na dhamana zote ziwe zimeingia ifikapo Jumatano ya wiki ya harusi, na nguo inatoka Alhamisi. Dhamana usiichanganye na mauzo. Iweke kwenye laini nyingine ya simu au akaunti nyingine kabisa, kwa sababu ile siyo hela yako. Maduka niliyoyaona yakifa, mengi yalikuwa yanalipa pango kwa dhamana za watu. Sisi wenyewe mwaka 2020, kuanzia Machi harusi zilipoahirishwa moja baada ya nyingine, tulirudisha dhamana zote ndani ya wiki mbili kwa sababu tu hela ilikuwa pale haijaguswa. Wengi wa maharusi wale walirudi kwetu sherehe zilipoanza tena, na wengine wakaleta wadogo zao.

Nilisema nitarudia lile doa la soda. Mfundishe hili kila anayepokea nguo: shela likirudi, lisiguswe na pasi kabla ya kukaguliwa juani. Soda nyeupe, shampeni na maji ya keki vikikauka havionekani. Sukari inabaki kwenye kitambaa, na ikipata joto inageuka kahawia, na hapo imeingia. Lipitishe mkono, penye ugumu kidogo kama wanga ndipo penye sukari, paloweshe kwa maji ya uvuguvugu kwanza. Poda na krimu shingoni zinataka sabuni laini ya vyombo, tone moja, kwa kidole. Tone la damu ya sindano, fundi aliyejichoma analitoa kwa mate yake mwenyewe, papo hapo. Usicheke, jaribu. Na mifuko ya nailoni iondoeni yote. Mwanza kama Dar, kuna unyevu wa maji, nailoni inaufungia ndani na shela linaota ukungu. Shona mifuko ya kitambaa cha marekani, fua mara mbili kabla ya kutumia ili wanga utoke.

Wateja wanaouliza "mama yuko wapi?" hawakukatai. Wanauliza nani atawaambia ukweli. Nina hakika mama yako ndiye mtu aliyewahi kumwambia binti wa watu, mbele ya shangazi zake, "hili halijakukaa, vua," na yule binti akamshukuru. Hilo halirithiwi kwa kupewa funguo. Mweke mama dukani siku mbili kwa wiki, Jumatano na Alhamisi, kwenye kiti chenye mgongo, kazi yake iwe kutazama tu wakati wewe unapiga magoti na pini. Yeye anasema, wewe unafanya, mteja anawaona wote wawili. Baada ya misimu miwili wataanza kusema "yule binti wa mama". Na mlipe. Mlipe mama mshahara wa siku hizo mbili, kwa tarehe, kama unavyomlipa fundi. Mama asiyelipwa anachukua elfu kumi kwenye droo kila akitaka, na ana haki, lakini wewe mahesabu yako yamekwisha.

Mjilipe na nyinyi wenyewe. Anayefanya kazi dukani ana mshahara. Asiyefanya kazi hana mshahara, ila anaweza kuwa na sehemu yake kwenye faida. Hili linanipeleka kwenye jambo ambalo watoto hawapendi kulisema mzazi akiwa hai. Kama biashara imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kama jina la biashara la mama peke yake, basi ni mali ya mama. Siku Mungu akimchukua, mashela, suti na cherehani vinaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba, na bi harusi wa Jumamosi inayofuata hatasubiri mahakama imteue msimamizi. Mama akiwa bado ana nguvu na kauli, mnaweza kusajili kampuni, mama awe na hisa, ninyi wanne muwe na hisa kwa kiasi atakachosema yeye, na wewe uwe mtendaji. Tafuteni wakili awaandikie, gharama yake haimalizi faida ya harusi nyingi. Hapo kaka na dada watakuwa na sababu ya kuuliza faida iko wapi kila mwisho wa mwaka, na wewe utakuwa na daftari la kuwaonyesha.

Mitandao hukuiuliza ila najua inakuumiza kichwa. Bi harusi atakuja na picha kwenye simu, shela la Istanbul au la Lagos. Usimwahidi lile. Mpe kuvaa yale matatu unayojua yatamkaa, mpige picha kwa simu yake, mwache akalale nayo. Wanaoagiza wenyewe mtandaoni wataletewa kitu kisichofanana na picha, watakuja kwako wiki moja kabla wakilia. Wapokee vizuri, usiwasimange, na uwe na bei ya kurekebisha iliyoandikwa ukutani. Mwaka jana kwetu marekebisho ya nguo za watu yalilipa mshahara wa fundi mzima.

Sasa lile la njano. Litazame lebo ya ndani. Kama ni poliesta, na ya miaka ile mengi ni poliesta, jaza beseni kubwa la kuogea maji ya uvuguvugu, weka dawa ya kung'arisha isiyo na klorini, liloweke usiku mzima limezama lote, kisha suuza mara tatu na ulianike kivulini. Jiki usiiguse, inazidisha njano na kula uzi. Kama ni hariri halisi, mwite dobi anayejua hariri, na akikwambia njano haitoki yote, mwamini.

Kabla hujaloweka, kaa na mama siku moja na daftari jipya, mwandikie ukurasa wa shela hilo kuanzia 2004: nani alilivaa wa kwanza, alilipa ngapi, lilirudi na nini. Atakumbuka mengi kuliko unavyodhani, na mengine atakayokutajia ni majina ya watu ambao binti zao sasa wako kwenye umri wa kuolewa. Waandike pembeni, na namba za simu.